Keshia Wako Hahitaji Kuona Kila Kitu, na Hiyo Si Kumdharau

Ingia kwenye duka lolote la mtaani, iwe Githurai, Kitengela, Kondele ama Kongowea, na kuna uwezekano mkubwa utakuta mpangilio ule ule. Kuna simu moja ya duka. Inakaa kwenye kaunta, kioo kimepasuka kidogo, na inashikwa na yeyote aliye zamu. PIN yake anaijua mwenye duka, keshia wa asubuhi, keshia wa jioni, na pengine yule kijana wa kupakia mzigo, kwa sababu siku moja keshia alienda kula na mteja alikuwa anangoja. Ndani ya simu hiyo kuna kila kitu: malipo ya leo, salio, mauzo ya mwaka mzima, majina ya wateja, na kile kitufe cha kutoa pesa.

Ajabu ni kwamba tangu M-PESA ianze mwaka wa 2007, Wakenya tumefundishwa jambo moja hadi likaingia kwenye damu: PIN ni siri yako. Mtu anamficha hata mumewe PIN yake. Lakini PIN ya biashara? Imeandikwa kwa kalamu nyuma ya katoni ya sabuni.

Msimamo wangu ni huu. Simu moja ya watu wote si ishara ya kuaminiana. Ni mpango wa kuhakikisha kwamba siku pesa ikipotea, hakuna atakayejua ilienda wapi, na huenda mtu asiye na hatia ndiye atalipa. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria: kila mtu awe na njia yake ya kuingia kwenye akaunti ya biashara, na dashibodi yake mwenyewe inayoonyesha kile ambacho kazi yake inahitaji, basi.

Dashibodi ya kila mtu, maana yake nini?

Dashibodi ni ule ukurasa wa kwanza unaouona ukiingia kwenye akaunti ya biashara: mauzo ya leo, orodha ya malipo, salio, pengine grafu ya wiki. Tukisema dashibodi ya kila mtu, hatumaanishi kutengeneza hesabu tano tofauti. Data ni ile ile moja. Kinachobadilika ni dirisha ambalo kila mtu anachungulia.

Dirisha hilo linaamuliwa na maswali mawili, na watu wengi huyachanganya. Swali la kwanza: anaona nini? Je, anaona tawi lake tu ama matawi yote? Leo tu ama mwaka mzima? Swali la pili: anaweza kufanya nini na kile anachokiona? Kusoma tu, kupakua, kurudishia mteja pesa, ama kuhamisha pesa kwenda benki? Mtu anaweza kuona mengi na asiweze kugusa chochote. Mwingine anaweza kuona kidogo na bado akawa na kitufe hatari. Ukijibu swali moja ukasahau la pili, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1975 wataalamu wawili wa kompyuta wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazotosha kuimaliza kazi yake. Mwaka wa 1992, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wakaeleza namna ya kuzipanga ruhusa hizo kwa wadhifa badala ya kwa mtu: unaweka ruhusa za "keshia" mara moja, halafu yeyote anayeajiriwa kuwa keshia anazipata, na akiondoka anaziacha. Lakini ukweli ni kwamba hata kabla ya kompyuta, duka lenye mpangilio lilikuwa na ufunguo wa mlango, ufunguo wa stoo na ufunguo wa sefu, na si kila mtu alibeba vyote vitatu.

Anayeumia kwanza ni keshia

Watu wakisikia "kupunguza ruhusa" wanadhani ni mambo ya kumlinda bosi dhidi ya wafanyakazi. Mimi naona kinyume. Anayelindwa zaidi ni mfanyakazi.

Tuseme ni Jumamosi jioni, na kwenye hesabu ya duka kunakosekana shilingi 18,000. Rekodi inaonyesha pesa zilitumwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Zilitumwa na nani? Rekodi inasema tu "akaunti ya duka". Watu watano wanaijua PIN. Sasa kinachofuata tunakijua sote: aliyekuwa kwenye kaunta analaumiwa, na mshahara unakatwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, Sehemu ya 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa kwenye mshahara, lakini haimpi uhuru wa kukata anavyotaka. Upungufu uwe umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi huyo, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Sasa niambie, utaonyeshaje kwamba kosa ni la huyu na si la wale wengine wanne, ilhali wote walikuwa wakitumia jina moja na PIN moja? Huwezi. Na yeye pia hawezi kuonyesha kwamba si yeye.

Kila mtu akiwa na njia yake ya kuingia, mazungumzo yanabadilika. Badala ya "Aki bosi, si mimi," keshia anasema, "Bosi, hebu tuangalie rekodi. Mimi nilitoka saa nane." Na rekodi inajibu. Hapo hakuna kulia, hakuna kuapa kwa jina la mama.

Chora kwanza kwenye karatasi

Kosa la kawaida ni kufungua mipangilio ya akaunti na kuanza kubonyeza. Usianze hapo. Chukua karatasi, andika kila mtu anayegusa hesabu za biashara, na mbele ya jina lake jibu swali moja: mtu huyu anaamua nini kila siku? Dashibodi yake inafaa ionyeshe kinachomsaidia kuamua hilo.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi mawili, Kitengela na Athi River.

*Keshia.* Uamuzi wake ni mmoja, unaorudiwa mara mia kwa siku: huyu mteja amelipa ama hajalipa? Kwa hivyo aone malipo yanayoingia kwenye nambari ya tili ya kaunta yake, ya leo, yakionyesha kiasi, saa, nambari ya muamala na jina la aliyelipa. Salio la akaunti halimsaidii kuamua chochote. Mauzo ya mwezi uliopita vilevile. Kutoa pesa kusiwepo kabisa kwenye skrini yake.

Lakini hapa nataka kuweka mkazo, kwa sababu kuna wenye biashara wanaokwenda upande mwingine na kumfungia keshia kila kitu. Simu inabaki kwa bosi, na keshia anaambiwa "angalia meseji kwa simu ya mteja". Hiyo ni hatari kubwa kuliko ile ya kwanza. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja inaweza kuwa ya kutengenezwa, ama ya malipo ya jana, ama ya tili nyingine. Mtu anabeba mabati kumi, anaonyesha meseji, anaenda zake. Keshia asiyeona malipo kwa macho yake mwenyewe ni mlinzi uliyemfunga kitambaa usoni. Ruhusa chache zinazotosha: neno "zinazotosha" lina uzito sawa na neno "chache".

*Meneja wa tawi.* Yeye anaamua ni nani awe zamu gani, stoki gani iongezwe, na malalamiko ya mteja yatatuliweje. Aone mauzo ya tawi lake kwa siku, wiki na mwezi, saa zenye wateja wengi, na malipo yaliyorudishwa kwa wateja. Meneja wa Athi River hahitaji kuona ya Kitengela, isipokuwa wewe mwenyewe umeamua kuwashindanisha. Akitaka kumrudishia mteja pesa, aweze kuanzisha ombi, lakini kiasi kikizidi kiwango ulichoweka, mtu mwingine aidhinishe.

*Mhasibu.* Huyu ni kinyume cha keshia. Aone matawi yote, tarehe zote, na aweze kupakua taarifa nzima, kwa sababu anaandaa hesabu za KRA na tarehe ya kuwasilisha haimngoji mtu. Lakini asiweze kuhamisha hata shilingi moja. Wahasibu wengi wanaohudumia biashara ndogo si waajiriwa wako. Wana wateja wengine kadhaa. Badala ya kumtumia picha za skrini kwa WhatsApp kila mwisho wa mwezi, mpe njia ya kusoma tu. Zile picha zinabaki kwenye simu yake, na kwenye nakala zake za intaneti, hata baada ya kuachana naye.

*Wewe mwenyewe.* Una haki ya kuona kila kitu, sawa. Ila kuona kila kitu kila siku ni njia nzuri ya kutoona chochote. Panga ukurasa wako wa kwanza uwe na vitu vichache: jumla ya leo kwa kila tawi ukilinganisha na siku kama hii wiki iliyopita, pesa zilizorudishwa kwa wateja, na maombi yanayongoja idhini yako. Mengine yakae nyuma, utayafungua ukiyahitaji. Na pesa za kutoka ziwe na mikono miwili: mmoja anaanzisha, mwingine anaidhinisha, hata kama huyo wa pili ni wewe kila mara.

Chama ni hadithi nyingine

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani ushauri wangu ni "ficha, ficha, ficha". La hasha. Ukichukua mpangilio wa duka ukauweka kwenye chama, utakivunja chama.

Kwenye duka, pesa ni za mtu mmoja na wengine wanamsaidia kuzishughulikia. Kwenye chama, pesa ni za wote. Kwa hivyo kila mwanachama aone salio la kikundi, aone pesa zilizoingia na zilizotoka, na aone michango yake mwenyewe bila kumpigia mweka hazina simu usiku. Kinachobanwa ni kitendo: mweka hazina anaanzisha kutoa pesa, mwenyekiti na katibu wanaidhinisha. Vyama vingi hufanya kinyume kabisa. Mweka hazina peke yake ndiye anaona, na ndiye peke yake anatoa. Halafu wanachama wanakaa wakinung'unika chini ya maji kwa miezi sita, na siku ya kugawana Desemba ni vita. Nusu ya ugomvi wa vyama, kwa maoni yangu, haungekuwepo kama watu wangeona hesabu mapema.

Somo ni hili: ruhusa inafuata umiliki na kazi. Haifuati cheo, wala haifuati nani anapendwa na nani.

Jina la mteja si mali ya duka

Kuna mtu wa tatu ambaye tunamsahau: aliyelipa. Dada analipa shilingi 350 dukani, anaenda nyumbani, na saa tatu usiku anapata meseji: "Sasa mrembo, ulifika salama?" Nambari yake imetoka wapi? Kwenye rekodi ya malipo. Wanawake wengi nchini wanaweza kukusimulia kisa kama hicho, na huwa wanacheka wakikisimulia, lakini si jambo la kuchekesha. Mtu ana jina lako, nambari yako, na anajua mtaa unaonunua vitu na saa unazopita.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutofichuliwa mambo yake ya kibinafsi bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data inayokusanywa iwe ile inayohitajika kwa kazi iliyokusudiwa, na iendelee kutumiwa kwa kazi hiyo. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, unapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya biashara, ile iliyo ndogo.

Wenye biashara ndogo hupenda kusema, "Hiyo ni ya makampuni makubwa." Ni kweli kwamba biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haihitaji kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa ikiwa kwenye sekta fulani kama afya na elimu. Lakini kusamehewa kujisajili si kusamehewa kufuata sheria. Nambari ya mteja ni ya mteja, hata kama duka lako ni kibanda cha futi sita kwa sita.

Kwenye dashibodi, hili linatatuliwa kirahisi. Keshia anahitaji jina na nambari ya muamala kuthibitisha malipo. Nambari nzima ya simu haihitaji. Kama mfumo wako unaruhusu kuificha kwa nyota, ifiche.

"Lakini mimi nawaamini watu wangu"

Hili ndilo pingamizi ambalo husikika zaidi, na linastahili jibu la heshima. Kuwaamini watu ni vizuri. Biashara bila uaminifu haiendi. Lakini kumwamini mtu hakumaanishi kumbebesha mzigo usio wake. Ukimpa keshia uwezo wa kutoa pesa ambao hauhitaji, umemweka kwenye orodha ya washukiwa wa kila wizi utakaotokea. Hiyo si zawadi.

Muhimu ni namna unavyomwambia. Usibadilishe mipangilio usiku na kumwacha agundue asubuhi kwamba vitu vimepotea kwenye skrini. Kaa naye. Mwambie, "Kuanzia kesho utaingia na jina lako. Hautaona salio, lakini pia hakuna mtu atakuuliza kuhusu salio." Wengi watashukuru.

Pingamizi la pili: "Tuko watu wawili tu." Sawa, basi mnahitaji njia mbili za kuingia. Fikiria pia siku mmoja wenu atakapoondoka. Kwenye mfumo wa kila mtu na yake, unafuta jina moja na kazi imeisha. Kwenye mfumo wa simu moja, unabadilisha PIN, unamfundisha kila aliyebaki, na unaomba Mungu kwamba hakuna aliyemwambia. Wengi huwa hawabadilishi hata.

Pingamizi la tatu ni la kweli zaidi: "Mifumo yenyewe ni migumu." Hapo nakubali, na nasema hivi nikiwa upande wa kampuni. Sisi wa sekta ya malipo tuna deni. Mtumiaji mpya anayeongezwa kwenye akaunti aanze na ruhusa chache, na bosi aongeze. Si aanze na zote halafu bosi akumbuke kupunguza. Majina ya nyadhifa yawe yale watu wanatumia, kama keshia, meneja na mhasibu, badala ya lugha ya mainjinia. Na mwenye biashara aweze kubonyeza mahali aone dashibodi kama vile keshia wake anaiona. Kama hupati hayo kwenye huduma unayotumia, uliza. Maombi ya wateja ndiyo husukuma vitu hivi vitengenezwe.

Anza Jumapili hii

1. Andika kila mtu anayejua PIN au nenosiri la biashara. Kuwa mkweli, pamoja na yule binamu aliyekusaidia Desemba.
2. Mbele ya kila jina, andika anaamua nini, anahitaji kuona nini, na anahitaji kufanya nini. Mistari mitatu inatosha.
3. Fungua mipangilio ya watumiaji, mwongeze kila mmoja kwa nambari yake ya simu, na umpe wadhifa wake.
4. Badilisha PIN na nenosiri la zamani. Hatua hii ikirukwa, zile nyingine zote ni mapambo.
5. Muombe kila mmoja aingie mbele yako, ufanye jaribio. Lipa shilingi 10 kwenye tili uone kama keshia anaiona. Kisha ajaribu kutoa pesa, uone kama inakataa.
6. Weka kikumbusho kwenye kalenda kila miezi mitatu ukague orodha. Watu huhama, nyadhifa hubadilika, na ruhusa huwa haziondoki zenyewe.

Ukiwa na watu wachache, kazi hii yote inaweza kuisha mchana mmoja. Na Jumamosi ile pesa zikikosekana, swali halitakuwa tena "nani alikuwa kwenye kaunta?" Litakuwa "rekodi inasema nini?" Hilo swali la pili lina jibu.